Zamu ya Tryphena

Sauti ya Danson haikuwa sauti ya kawaida, na asiyeamini apande Sagalla akaulize. Siku moja alimwita mbwa wake tu, mbwa wa kawaida, na kule chini kwenye barabara kuu ya Mombasa dereva mmoja akasogea kando ya lami ili apishe lori aliloamini linampigia honi kwa nyuma. Alisubiri hata akashuka kuangalia. Hakukuwa na lori. Tangu hapo watu wakambandika jina la Honi, na mwenyewe akalipenda, kwa sababu kwenye kilima ambako ndovu hupanda kufuata mahindi na pojo za watu, sauti kama ile ni mali. Majirani walitundika mizinga ya nyuki kwenye ua, wakapiga madebe, wakachoma pilipili. Danson alitoka tu mlangoni akafungua mdomo. Wanasema ndovu dume mmoja alishtuka akaondoka kinyumenyume, akikanyaga palepale alipokuwa amekanyaga wakati wa kuingia, asije akaharibu kunde nyingine na kuongezewa makosa.

Sasa mwanamume huyo aliyefukuza ndovu alikuwa anafukuzwa nyumbani kwake na mtu asiye na jino hata moja.

Mtu huyo aliitwa Tryphena. Alikuwa amepewa jina la mama yake Danson, jina zito kuliko mwenyewe, na bado hajajua kukaa. Alikuwa mtoto wa kucheka. Alimchekea mama yake, Mbula, alimchekea mbuzi, alilichekea hata bati la paa likialika kwa jua. Lakini baba yake akitia mguu ndani na kusema, "Habari za humu?" uso ulikunjamana, midomo ikatetemeka, kisha kikatoka kilio ambacho, tuseme haki, kilikuwa urithi kutoka upande wa baba.

"Wewe Baba Try, si uongee polepole?" Mbula alimwambia akimpakata mtoto.

"Hiyo ndiyo polepole yangu!"

"Waaaa!" akajibu Tryphena.

Kwa muda mrefu mambo hayo yalikuwa ya kuchekesha. Halafu likizo ya uzazi ya Mbula ikakaribia kwisha. Jumatatu alitakiwa kurudi Voi mjini, kwenye duka la dawa za mifugo anakofanya kazi, na mpango ulikuwa Danson akae na mtoto mchana, maana shamba lake liko hapo hapo nyuma ya nyumba. Mpango ungesimama vizuri kama si Kavinya, mama yake Mbula, kupiga simu kutoka Kibwezi wakati uleule Danson anapiga chafya.

"Ni nini hiyo imepasuka?" Kavinya aliuliza kwenye simu. "Gurudumu?"

"Ni Baba Try, Mama. Amepiga chafya."

"Ati chafya! Na huyo anayelia ni mjukuu wangu? Mbula, nisikize vizuri. Jumamosi nakuja kumchukua. Atakaa huku na mimi susu yake, nyanya yake, mpaka aanze shule. Nyinyi mtakuwa mnakuja kumwona Krismasi. Sitaki mtoto apasuke masikio kabla hajajua kutembea!"

Danson alisikia kila neno. Alitaka kusema hapana. Neno lenyewe lilifika kooni, likageuka, likarudi tumboni. Tangu siku ya kupeleka posa, hakuwahi kumwambia mama mkwe wake jambo refu kuliko "Habari ya safari, Mama" na "Karibu chai." Mkwe ni mtu wa kuonewa haya, kwao na kwa kina Mbula vilevile, na Danson aliyekuwa akikemea ndovu alikuwa bubu kabisa mbele ya mwanamke anayemfika kifuani.

"Sitaki aende," Mbula alisema alipoweka simu chini. Machozi yalikuwa yamemlenga. "Lakini niambie, Jumatatu nikitoka hapa nitamwachia nani, ikiwa akikuona analia mpaka anakauka koo? Nipe kitu cha kumwambia Mama. Akimwona ametulia na wewe, nitamkatalia mwenyewe. Bila hivyo nitamwambia nini?"

Danson alimtazama binti yake. Mikono ilikuwa kama ya kwake, vidole vifupi, kucha pana. Mpaka aanze shule! Huyu atarudi ana meno, anatembea, anamwita mtu mwingine baba!

Asubuhi ilipopambazuka vizuri alikuwa tayari njiani kumtega Alice. Alice ni mhudumu wa afya wa kijiji, mwanamke wa mwendo wa haraka na begi la bluu, ambaye ukitaka kumuuliza swali lazima uanze kabla hajakufikia.

"Alice! Mtoto wangu ananichukia!"

"Hakuchukii, anaogopa sauti. Ipunguze. Halafu ongea naye, Honi. Mtoto akiongeleshwa ndipo akili inafunguka, na ndipo anajua wewe ni mtu wake. Mwangalie usoni, ongea naye kila siku."

"Niongee naye nini? Si hajui kitu!"

"Chochote! Ongea tu!" Alice akapaza sauti, kwa sababu tayari alikuwa amepanda bodaboda na bodaboda ilikuwa imeondoka.

Chochote! Danson alirudi akiruka mitaro. Kuongea chochote ndiyo kazi aliyoumbiwa. Tatizo lilikuwa kuipunguza sauti, na kwa hilo alimchukua mbuzi wake mwenye ndevu, akamfunga shambani na kuanza mazoezi. Mara ya kwanza mbuzi alikata kamba. Mara ya pili alijificha nyuma ya mti. Lakini Danson alishuka na sauti kidogo kidogo, kama mtu anayeshusha gunia kutoka kwenye lori, akafika sauti ya chifu barazani, akapita sauti ya fundi na mteja, na jua lilipokuwa linaelekea upande wa Taveta alikuwa anaongea kama mtu aliye kanisani wenzake wakiwa wameinamisha vichwa. Mbuzi alisinzia amesimama.

"Nimeipata!" alinong'ona, na kwa furaha karibu aipoteze tena.

Aliingia ndani, akaketi kwenye mkeka mbele ya Tryphena na kuanza. Mtoto alikunja uso, akasikia sauti ni ndogo, akaukunjua. Danson aliona hilo na damu ikamwenda mbio. Akaongea! Alimweleza mvua ilivyokawia. Alimweleza shamba lilivyogawanywa na babu na nani alidhulumiwa. Akaingia siasa za kaunti, akatoka, akaingia mpira. Tryphena alikodoa macho, akafungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena. Wakati huo baba yake alikuwa amefika kwenye penalti na hakuweza kukatiza. Mtoto akageuza uso ukutani. Danson akahamia upande wa ukuta. Mtoto akageukia mlangoni. Danson akahamia mlangoni, refa akiwa ameshapuliza kipenga, na hapo Tryphena akaona hana pa kukimbilia tena, akalia.

"Lakini nimeongea kwa sauti ndogo!" Danson alilalamika.

"Hujaongea," Mbula alisema akimwinua mtoto. "Umehutubia. Hata mimi nilitaka kulia."

Ijumaa ilifika. Mbula alichukua mtungi kwenda kupanga foleni ya maji, maana tangi lilikuwa tupu, akamwacha mtoto amelala na mume akiwa mlangoni. "Akiamka nipigie simu, nitakimbia," alisema. Hakusema kwa ubaya, lakini neno hilo lilimchoma Danson.

Tryphena aliamka mtungi ukiwa haujafika hata kwenye kona. Alimwona baba yake, akatazama kushoto na kulia kutafuta mtu wa maana zaidi, akamkosa.

"Usilie, usilie," Danson alisema kwa ile sauti aliyojifunza kwa mbuzi. "Mimi ni baba. Ngoja nikwambie. Hizi pojo unazoziona hapo nje nilizipanda mwenyewe wewe ukiwa tumboni, na siku hiyo mama yako alitaka embe mbichi, nami nikashuka mpaka—"

Kitu kilichakarisha kwenye kunde.

Yeyote aliyelinda shamba Sagalla anajua kinachofuata. Ndovu hafukuzwi kwa kelele za mfululizo. Ukipiga kelele bila kupumzika unamficha wewe mwenyewe, hutajua ameondoka au amesimama nyuma ya choo anakuangalia. Unapiga ukelele mmoja, halafu unaganda. Mkono juu, mdomo wazi, hata pumzi unaibana, unasikiliza: je, tawi limevunjika? Limevunjikia wapi? Ndipo unapiga mwingine. Danson alifanya hivyo tangu utotoni na mwili wake haukungoja ruhusa. Neno likakatika katikati. Mkono ukapanda. Akaganda, macho yakiwa yamebaki pale pale yalipokuwa, usoni pa mtoto.

Nyumba ikawa kimya.

"Agii," akasema Tryphena.

Danson hakusogea. Kule nje kuku alitoka kwenye kunde akaenda zake, lakini nani alikuwa na habari ya kuku? Moyo ulikuwa unamgonga mbavu kama mtu anayedai afunguliwe mlango.

"Eeh?" akasema kwa uangalifu. Akaganda tena.

Tryphena alimtazama. Akakusanya midomo, akapiga mateke mawili matatu hewani kama anayewasha pikipiki iliyokataa, na kwa bidii ya mwili mzima akatoa, "Agii-iii!"

"Kumbe!" Danson alinong'ona. "Kweli?"

"Ghuu."

"Usiniambie!"

"Agii-ghuu!" Na hapo, watu wa Sagalla, akacheka! Akamchekea baba yake, fizi zote nje, mate yakimtiririka mpaka shingoni. Siku zote hizo mtoto alikuwa na maneno, alikuwa ameyabeba, anatafuta tu pa kuyaweka, na yeye babake alikuwa amejaza kila nafasi kama makanga wa tamaa ajazavyo matatu!

Alimfunga kwa leso kifuani, hovyo hovyo, fundo likiwa upande usiofaa, akatoka mbio kumtafuta Alice. Alimkuta kwa jirani akipima mtoto wa watu.

"Alice! Anajibu! Ukinyamaza anajibu!"

"Ndiyo, Honi. Mnapeana zamu. Unasema, unamngoja, anasema. Hivyo ndivyo mtoto anavyozoeana na mtu. Nilikwambia uongee naye."

"Uliniambia niongee! Hukuniambia ninyamaze!"

Alice aliacha kupima kwanza. "Hapo umenipata," alisema.

Njiani kurudi nyumbani alikutana na Mbula akipanda na maji. Danson alimweleza yote bila kituo, mikono ikiruka, naye Mbula akatua mtungi na kumchungulia Tryphena ili asikie hiyo agii. Tryphena alikuwa amelala fofofo.

"Alikuwa anaongea, nakuapia! Ameniambia mambo mengi!"

"Si ni wewe uliyetuambia pia kuhusu ndovu wa kinyumenyume?" Mbula aliuliza. Lakini alitazama vile mtoto alivyolaza shavu kifuani pa baba yake, mdomo wazi, bila wasiwasi wowote. Akafungua lile fundo baya la leso na kulifunga upya, vizuri.

Jumamosi Kavinya alifika kwa bodaboda akiwa na kiondo, kuku hai, na maneno. Maneno yalitangulia kuteremka. Alianza na barabara, akaja kwenye vumbi, akaja kwenye kijana wa bodaboda ambaye hajui kukata kona, na alipofika mlangoni alikuwa amekwisha kumchukua Tryphena mikononi mwa Mbula bila kupunguza mwendo.

"Ona mjukuu wangu! Susu amekuja! Umekonda? Amekonda, Mbula. Ona macho ya babu yake, Mungu amrehemu, macho haya haya. Utakula uji wa wimbi kwa susu, utalala kwa kitanda cha susu, hakuna kelele, hakuna ndovu, kuna kuku tu na bata, unajua bata?"

Danson alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mlango, macho chini, kama inavyompasa mkwe. "Habari ya safari, Mama," alisema. Akaishia hapo.

"Mama," Mbula alisema, "ngoja kwanza. Mtoto ametulia na baba yake siku hizi. Jana alilala kifuani kwake. Naweza kumwacha na yeye nikaenda kazini."

"Na huyu Honi?" Kavinya alicheka. "Haya, tuone. Baba Tryphena, mwongeleshe."

Lo! Danson aliinua macho. Tryphena, kwenye mapaja ya nyanya yake, alimwona na miguu ikaanza kuwasha pikipiki. Alikuwa anangoja! Ilikuwa ni kusema "agii" tu. Lakini mwanamume mzima, mwenye ndevu, aseme agii mbele ya mama mkwe? Afanye midomo ya samaki, akiangaliwa na mtu ambaye hata chai Danson huinywa akiwa amempa mgongo? Alifungua mdomo. Ikatoka hewa. Akajaribu tena, masikio yakiwa yamemwaka moto. Hewa tena.

Miguu ya mtoto ikapunguza mwendo, ikasimama. Uso ukaanza kukunjamana.

"Si unaona?" Kavinya alisema, safari hii kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko kelele. "Mbula, panga nguo zake. Basi halitatungoja."

Mbula alimtazama mumewe. Kisha akainuka, akachukua mfuko na kuanza kukunja vile vinguo vidogo, kimoja kimoja, polepole sana.

"Haya, tunaenda, tunaenda," Kavinya alimrusharusha mtoto. "Tutapanda gari, utaona Mtito, utaona nyani barabarani, halafu susu atakununulia—"

Na Danson akaona. Tryphena alikuwa amemgeukia nyanya yake. Alikusanya midomo, akavuta pumzi, akafungua mdomo kusema lake. Neno likazikwa chini ya nyani. Akafungua tena, likazikwa chini ya ndizi za Mtito. Mara ya tatu alikaza mwili mzima, mpaka vidole vya miguu vikakunjika, lakini nyanya alikuwa ameshafika kwa mchungaji wa Kibwezi na harusi ya binti yake. Mtoto akachoka. Macho yakaanza kuhamia ukutani. Danson aliujua ukuta ule. Yeye mwenyewe ndiye aliyempeleka huko, kwa penalti.

Kitu kikamkatika ndani.

"MAMA! NYAMAZA!"

Haikuwa sauti ya mbuzi. Kuku wa zawadi alikata kamba na kutoka kwa dirisha. Vikombe vilihama kutoka katikati ya meza mpaka ukingoni, vikasimama kuona kama kuna jingine. Inasemekana hata kule mbali Mwatate watu walifunga madirisha wakidhani mvua inakuja, lakini hilo la Mwatate anayetaka aliache.

Halafu kimya. Kimya kibaya! Mbula alikuwa ameganda na kisoksi mkononi. Kavinya, ambaye hakuna kiumbe aliyewahi kumwambia anyamaze tangu alipojifunza kuongea, alikuwa mdomo wazi bila kitu ndani yake. Mkwe! Amemkemea mama mkwe! Danson alitaka sakafu ipasuke. Na wote watatu, kwa pamoja, wakamtazama mtoto, wakingoja kilio.

Tryphena alipepesa macho. Alimtazama baba yake. Sauti ilikuwa imepita, na sasa kimya kilikuwa pale, kipana, kizuri, na kwa kadiri alivyofundishwa yeye kimya kikija baada ya baba ni cha nani?

"AGIIIII!" akasema Tryphena.

Alisema kwa nguvu zake zote, akapiga teke kiondo, akacheka.

Danson alisahau ndevu zake. "Kweli?" alisema kwa sauti ndogo.

"Agii-ghuu!"

"Usiniambie! Na wewe ukamjibuje?"

"Ghuu! Ghuu-eee!" Mikono miwili ikanyooshwa kumwelekea, vidole vifupi vikifunguka na kufumba.

Mbula aliangusha kisoksi, akajifunika mdomo. Danson alipiga magoti, lakini si kwa mtoto bado. Kwanza akainamisha kichwa mbele ya Kavinya. "Nisamehe, Mama. Nimekukosea sana. Lakini alikuwa na neno. Amekuwa akitaka kukwambia tangu umeingia. Ilikuwa zamu yake."

Kavinya alimwangalia mkwe wake. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema sentensi nzima, na zilikuwa kadhaa. Kisha akashusha macho kwa mjukuu.

"Ulikuwa na neno?" alimuuliza. Midomo yake ilikuwa tayari inaunda la pili. Danson aliinua mkono kidogo tu, kwa adabu, kama anayesimamisha gari asilolijua. Kavinya akaumeza mdomo wake mzima. Ilimgharimu, mishipa ya shingo ilimsimama.

Tryphena alimkagua nyanya yake aliyenyamaza. Alikusanya midomo, akawasha miguu.

"Aghuu," akamwambia, taratibu, kama siri.

"Uuuwi!" Kavinya akapiga kelele. "Mbula! Ananijibu! Umesikia vile amenijibu? Ati nini, mama yangu? Sema tena! Ngoja, ngoja, nimenyamaza, nimenyamaza kabisa, sema!"

Tryphena akasema tena. Nyanya akajibu, akajiziba mdomo kwa kiganja, akangoja huku mabega yakimtetemeka kwa kicheko. Wakaendelea hivyo mpaka bodaboda ya kumrudisha mjini ikaja kupiga honi uani, ikapiga tena.

"Mama, basi la Kibwezi," Mbula alisema. Mfuko wa nguo ulikuwa bado mkononi mwake, umejaa nusu. "Bado unaenda naye?"

"Niende naye wapi?" Kavinya alisema bila kugeuka. "Akaongee na nani, mimi na bata? Rudisha nguo za watu. Jumatatu wewe nenda kazini kwako, baba yake yuko." Kisha akampungia Danson mkono kumwonyesha mlango. "Na wewe, kamwambie huyo kijana wa bodaboda azime pikipiki. Huoni kuna mtu anaongea?"